Kujifunza Kuacha Swali

Nimefundisha hisabati kwa miaka kumi na mitatu, na kwa miaka yote hiyo kalamu yangu nyekundu imeandika maneno yale yale pembeni mwa madaftari ya watoto wa watu: njia iko wapi? Mwanafunzi aliyeleta jibu bila njia nilimwona sawa na mtu anayekuletea mbuzi na hataki kusema amemtoa wapi. Hata mbuzi awe mnono vipi, hupokei. Nilikuwa mkali, sikatai. Wanafunzi walinipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa, na nilipolisikia likipita dirishani nilijifanya kiziwi.

Kwa hiyo nilipoamua kufanya mtihani wa kuingia shule ya biashara, kwa ajili ya shahada ya pili, nilijiona nimekwisha kufika nusu ya safari. Sehemu kubwa ya mtihani ule ni hesabu, na hesabu zenyewe ni za sekondari: asilimia, uwiano, mabomba mawili yanayojaza tangi moja, gari linalotoka huku na jingine linalotoka kule. Nilifungua kitabu cha mazoezi nikacheka kwa sauti. Hesabu za kidato cha pili hizi, mimi nitashindwaje?

Niseme kwanza kilichonipeleka huko, maana watu wengi waliniuliza mwalimu wa hisabati anatafuta nini kwenye biashara. Kwetu ni Umeru, juu ya Tengeru, ambako karibu kila nyumba ina ng'ombe mmoja au wawili bandani. Akina mama wa kijijini kwetu walianzisha kikundi cha kukusanya maziwa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, wakanifanya katibu. Msimu mmoja gari la mnunuzi liliacha kuja bila taarifa. Siku ya tatu maziwa yalikuwa yamechacha. Nikashika ndoo upande mmoja, mama mmoja akashika upande wa pili, tukayamwaga kwenye migomba. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Tufanyeje hii isitokee tena?" Nilijua kukokotoa ujazo wa ile ndoo mpaka desimali ya tatu, lakini sikujua namna ya kujenga kitu ambacho hakifi kwa sababu gari moja halikuja. Hasira ya siku ile haijanitoka mpaka leo.

Shule niliyoomba iko nje ya nchi, na masomo ni ya miaka miwili. Walinikubali, na ufadhili juu, kwa sharti moja: nipate kwenye mtihani ule alama zisizopungua kiwango walichokitaja. Tena walisema wazi kwamba wanapokea matokeo ya jaribio la kwanza tu, hakuna kurudia. Nikikosa, nafasi inakwenda kwa anayenifuata kwenye orodha. Nilikuwa na wiki kumi.

Baba sikumwambia. Mama alifariki miaka minne kabla ya hapo, kaka zangu wako mbali, mmoja Mwanza na mwingine Dodoma, mimi binti ndiye niliye karibu, na baba amebaki kule juu na ng'ombe wake wawili na macho yanayofifia, la kulia zaidi. Kila baada ya miezi miwili nilikuwa nampeleka kliniki ya macho mjini. Anateremka mwenyewe mpaka kwangu Sekei, pembeni mwa mji wa Arusha, njia ambayo miguu yake inaijua, tunakunywa chai, kisha tunatoka, yeye ameshika kiwiko changu na mimi nikigombana na pikipiki kwa niaba yake. Kumwambia mtu kama huyo kwamba naondoka miaka miwili, na pengine hata siendi kokote, niliona ni kumtesa bure. Nikajiambia nitamwambia nikishafaulu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa.

Nilianza mazoezi alfajiri, saa kumi na moja, kabla ya kwenda shuleni. Nilichemsha chai, nikawasha kompyuta, nikatega saa ya simu. Mtihani unakupa takribani dakika mbili kwa kila swali. Nilifanya swali la kwanza kama ninavyofundisha: taarifa zilizotolewa, kinachotakiwa, kanuni, hatua, jibu, mistari miwili chini ya jibu. Safi kabisa. La pili hivyo hivyo. Saa ilipolia, kila swali nililokuwa nimelifanya lilikuwa sahihi, na maswali manane nilikuwa sijayaona hata sura. Kompyuta ikanipa alama za mtu mjinga.

Nikadhani ni usingizi. Kesho yake nikarudia, keshokutwa nikarudia, na kwa wiki tatu nikawa nafanya kitu kile kile kwa bidii zaidi. Nikifika kwenye swali gumu nilikuwa naling'ang'ania. Dakika ya tatu, ya nne, ya tano, najua kabisa muda unakwenda, lakini kuliacha sikuweza. Nilikuwa nawaambia wanafunzi, haraka haraka haina baraka, sasa imenigeukia mwenyewe. Asubuhi moja nilipiga meza kwa kiganja mpaka jirani yangu, fundi cherehani anayeishi chumba cha mbele, akauliza kupitia ukutani kama kuna panya.

Aliyenifungua macho ni mtu ambaye sikumtegemea. Nilikwenda duka moja la vifaa vya ujenzi nyuma ya Soko Kuu, kununua mpira wa bomba lililokuwa linavuja, kitabu changu cha mazoezi kikiwa kwapani. Duka ni la familia moja ya Kihindi iliyokaa Arusha tangu enzi za babu zao, na nyuma ya kaunta alikuwa binti wa nyumba hiyo, ambaye nilimfundisha kidato cha tatu, mwaka wangu wa kwanza kazini.

"Shikamoo Mwalimu," akasema, halafu macho yakateremka kwapani mwangu. "Aisee! Hicho kitabu nakijua. Kilinitoa jasho."

Kumbe alikwisha kufanya mtihani ule miaka mitatu nyuma, akasoma, akarudi kuendesha duka pamoja na baba yake. Nikameza fahari yangu, nikamweleza shida. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akaniambia nije Jumamosi saa tisa alasiri, duka likishafungwa.

Jumamosi tulikaa juu ya makreti ya misumari, yeye na simu mkononi, mimi na karatasi magotini. Akanitazama nikifanya swali la kwanza.

"Mwalimu, unaandika nini?"

"Njia."

"Nani atasahihisha hiyo njia?"

Nikainua uso. Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Kompyuta haioni karatasi, inaona kidole kimebofya wapi, basi.

"Nipe," akasema. Akalisoma swali mara moja. "Jibu haliwezi kuzidi nusu ya jumla, si ndiyo? Basi la kwanza, la tatu na la tano yamekufa. Na haliwezi kuwa namba witiri. La pili limekufa. Limebaki la nne." Akabofya. Sahihi. Hakuwa ameshika kalamu.

Kisha likaja gumu. Akalitazama kidogo, akasema, "Hili silijui. Nabahatisha, naenda."

"Unabahatisha?"

"Nabahatisha, Mwalimu. Naenda. Kuna mengine mbele yananisubiri."

Na papo hapo nikakumbuka kitu ambacho naona yeye alikuwa anakikumbuka tangu nilipoingia dukani. Kidato cha tatu niliwahi kumpa sifuri kwa majibu ishirini sahihi ambayo hayakuwa na njia hata moja. Nilimsimamisha mbele ya darasa nikamwambia ameiba.

"Ile siku ya sifuri," nikaanza.

"Sikuiba," akasema. "Babu alikuwa ananikalisha hapa hapa kila jioni. Mteja anasema chumba chake kina upana huu na urefu huu, mimi natakiwa niseme mabati mangapi kabla hajafunga mdomo."

"Nilikosea. Tena mbele za watu. Nisamehe."

Nikaona amekuwa msichana wa miaka kumi na sita tena. Halafu akacheka. "Nimekusamehe, lakini adhabu ipo. Maswali kumi, bila kalamu. Anza."

Nilipata matatu. Nikarudi Sekei kwa miguu, nimevimba kwa hasira, na nikaapa kwamba Jumamosi inayofuata atanipa maswali kumi nipate sita. Nilipata matano. Iliyofuata, saba. Sitaki mtu adhani ilikuwa rahisi. Mkono wangu ulikuwa unarudi kwenye swali nililoliacha, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu. Nilifika mahali nikawa najifunga vidole na kalamu kwa mpira wa kufungia pesa, mkono uweze kuandika namba tu na usiweze kupiga mistari. Shuleni nilianza kuwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha nne, "Likikushinda, ruka." Wakatazamana. Mmoja akauliza, kwa adabu sana, kama ninaumwa.

Wiki ya saba nikawa namaliza maswali yote, na alama zangu zikawa zinagusa kile kiwango cha shule, siku nyingine zinapita kidogo, siku nyingine zinapungua kidogo. Ndipo nikasoma kanuni za mtihani kwa makini, kwa sababu nilikuwa nimeamua kuufanyia nyumbani, kituo cha karibu kikiwa mbali nje ya mkoa. Chumba kiwe na mtu mmoja. Meza iwe tupu. Kamera ikutazame mwanzo hadi mwisho, na msimamizi akiwa upande wa pili wa dunia. Usiondoke kitini. Na usitoe neno lolote mdomoni. Ukizungumza na mtu, mtihani unafutwa.

Nikaona hayo ni mambo ya watoto. Nikapanga mazoezi kamili siku ya Jumapili mchana, mlango nimefunga, yule binti wa dukani ananiangalia kwa video ya simu kama msimamizi. Nilikuwa nimefika swali la kumi na saba, mambo yananiendea vizuri mno, nikasikia nje:

"Hodi!"

"Karibu!" nikasema.

Ilikwisha kutoka. Sikuwaza, sikuamua, mdomo ulifunguka wenyewe. Kwenye simu binti alikuwa amejishika mbavu. "Mwalimu, umefukuzwa! Nenda nyumbani!"

Mlangoni alikuwa fundi cherehani, anataka kuazima chekeche.

Mtu wa mahali pengine anaweza kuona hiyo ni kasoro ndogo. Mimi nilikaa chini nikaogopa kweli kweli. Nimezaliwa nikasikia hodi na karibu kabla sijajua jina langu. Kwetu mtu anapiga hodi mara tatu, anasubiri katikati, na asipoitikiwa anaondoka, lakini kama ulikuwamo ndani na hukuitika, basi umemfukuza. Baba alikuwa akisema nyumba isiyoitikia hodi ni ya mchawi au ya marehemu. Tukiwa wadogo, tukichelewa kuitika hata kwa kutafuna chakula, alitukata jicho. Na ua wetu wa Sekei una wapangaji wanne, wageni wao, wauza mayai, wanakwaya na wadai bili za maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini kwa saa mbili na ushee za siku ile moja mgeni angeniua.

Kwanza nikazunguka chumba hadi chumba kuwaambia wapangaji: Jumatano ya wiki ya kwanza ya likizo, asubuhi, mlango wangu usiguswe. Nikaandika kwenye kipande cha boksi: MTIHANI. USIPIGE HODI. Kisha nikamwomba fundi cherehani jambo ambalo alinifanya nilirudie mara mbili, hakuamini: awe ananipigia hodi makusudi.

"Halafu?"

"Halafu nisiitike."

"Haki ya Mungu, Mwalimu, kusoma kumekuzidi."

Lakini aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Alfajiri akienda kuteka maji, hodi. Jioni akitoka sokoni, hodi. Akaanza kubadilisha sauti. Alikuja kama mchungaji, akaja kama mwenye nyumba, akaja kama mama mkwe aliyekasirika. Siku moja akasimama mlangoni akasema kwa huzuni, "Hodi jamani, nimekuletea loshoro ya moto, basi nitakula mwenyewe," na akaila pale pale, mahindi kwa maziwa mgando, nikimsikia anavyolamba kijiko. Siku za kwanza nilijiziba mdomo kwa kiganja. Baadaye nikauma meno. Mwisho nikaweza kusikia hodi, jasho likanitoka mgongoni, na macho yakabaki kwenye swali. Alama zangu zikawa zinapita kiwango kila mara. Nikamwambia binti wa dukani kwamba niko tayari, naye akasema, "Mwalimu, sasa usisome tena. Lala."

Jumatano ile mlima ulio juu ya mji ulikuwa umefunikwa na mawingu tangu chini na ua ulikuwa baridi. Wapangaji walitoka mapema kwa kunyata, wengine wameshika viatu mkononi, nikataka kulia kwa kuwapenda. Fundi cherehani akabeba kigoda akakaa getini kama askari, nimemwagiza asimwambie mgeni yeyote kwamba nimo ndani. Nikatundika boksi langu mlangoni, nikaacha kandambili kizingitini, nikafunga. Msimamizi akanifanya nizungushe kamera nimwonyeshe kuta, dari na chini ya meza. Mtihani ukaanza.

Sehemu ya kwanza ilipita salama. Nikaingia kwenye hesabu. Swali la kwanza, la pili, la tatu. La tano lilikuwa gumu, nikakata mawili yasiyowezekana, nikachagua katika yaliyobaki, nikaenda. Nilikuwa na nguvu za ajabu. Nikafika la kumi na moja.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya baba.

Nilidhani ni fundi amepitiliza mchezo, lakini hakuna anayeweza kuigiza ile sauti. Nikasikia fimbo yake ikigusa kizingiti, ikigusa kandambili zangu, ikisimama. Boksi langu lilikuwa mbele ya uso wake na hakuwa na macho ya kulisoma. Kliniki yake ilikuwa wiki inayofuata, nilikuwa na uhakika, nilikuwa nimeiandika ukutani. Kwa nini amekuja leo?

"Hodi humu ndani."

Nilihisi neno "karibu" limeshafika nyuma ya meno. Taa ndogo ya kamera ilikuwa inanitazama. Kiti kikalia chini yangu, nikajua amekisikia, maana tangu macho yapungue masikio yake yanasikia mpaka paka anayepita juu ya bati. Alisubiri. Alisubiri kwa urefu ule ule aliotufundisha, wa kumpa mtu nafasi ya kuvaa au kufuta mikono. Nikawaza maziwa yaliyomwagwa na wiki zangu kumi. Nikawaza pia kwamba naweza kufungua mlango sasa hivi, nikamkalisha, nikamtengenezea chai, na maisha yakaendelea kama yalivyokuwa, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angenilaumu. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Hodi," mara ya tatu, taratibu zaidi.

Niliuma meno. Fimbo ikageuka. Nikasikia hatua zake zikivuka ua, moja ya mguu, moja ya fimbo, mpaka hazikusikika tena.

Swali la kumi na moja sikuweza kulisoma, herufi zilikuwa zinaogelea kwa machozi. Nikabofya lolote. La kumi na mbili nalo nikabofya lolote. La kumi na tatu nikajikaza, nikajiambia, umemwacha baba yako nje kwa ajili ya kitu hiki, sasa kifanye. Nikakifanya mpaka mwisho, swali kwa swali, bila kurudi nyuma na bila kusimama, na sijawahi kufanya hesabu kwa ukatili namna ile.

Alama zikatokea papo hapo kwenye kioo. Zilipita kiwango, si kwa mbali, lakini zilipita. Sikuruka wala sikupiga kelele. Nilifungua mlango.

Fundi cherehani alikuwa amesimama uani, mikono kichwani. Alikuwa ameingia chooni dakika tatu, akarudi akamkuta mzee anatoka. "Nilimsalimia, dada. Nikataka kumwambia uko ndani, nikakumbuka umenikataza nisiseme kwa mtu yeyote. Nikasema sijui."

Simu baba huwa haendi nayo mjini. Huiacha kabatini ndani ya kikombe isipotee. Nilipanda gari hadi Tengeru, nikachukua pikipiki kupanda juu, nikakuta nyumba imefungwa na ng'ombe wameachiwa majani ya kutosha mpaka jioni. Nikakaa kwenye ngazi. Nilikaa pale mchana wote, nikijitungia sentensi za kuanzia na kuzifuta. Saa kumi na moja akatokea kwenye kijia cha migombani, anakuja polepole, koti lake la kanisani limefungwa vifungo upande upande.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umefika saa ngapi?"

"Mchana. Baba, ulikuja kwangu asubuhi."

"Nilikuja. Kliniki walipiga simu jana jioni, tarehe imesogezwa. Nikaona nikuwahi."

"Nilikuwa ndani."

"Najua. Fimbo ilikuta viatu vyako."

"Na hukusukuma mlango?"

"Hukuitika," akasema, kana kwamba hilo limejitosheleza. Akakaa pembeni yangu, akapumua. "Njia nzima nilikuwa nawaza. Huyu hajawahi kuniacha mlangoni tangu azaliwe. Nikasema, basi ana jambo kubwa kuliko mimi. Ni jambo gani?"

Nikamwambia yote, kwa kifupi na bila mpangilio, mtihani na shule na nchi ya watu na miaka miwili. Nikamwambia nilimficha kwa sababu nilikuwa naogopa uso wake. Nililia, na yeye aliniacha nilie. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha fimbo na haukusogea.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Hongera." Akageuza uso upande wa bandani. "Miwili siyo michache."

"Siyo michache, baba. Ukisema nisiende, siendi."

"Sijasema." Akaanza kutafuta kitu mfukoni mwa koti. "Mimi nilipotoka kwako nilisimama pale barabarani, pikipiki zinapita huku na huku, nikataka kurudi nyumbani. Halafu nikamshika mama mmoja mkono, nikamwambia nivushe. Akanivusha. Huko kliniki nikauliza mlango, wakanionyesha. Wamesema ni presha ya macho. Wamenipa hii."

Akanifungulia kiganja. Ilikuwa chupa ndogo ya dawa ya matone, na karatasi yake: kutwa mara nne, macho yote mawili, kila siku, bila kukosa. Nikasoma kwa sauti. Sote wawili tulijua kutwa mara nne ni mara ngapi kwa miaka miwili, na mimi nilijua zaidi. Nikanyoosha mkono niichukue nimtilie.

Akairudisha kifuani kwake.

"Hapana," akasema. "Nifundishe nijitilie mwenyewe."

Nikasimama mbele yake. Nikamwambia ainamishe kichwa nyuma, avute kope ya chini kwa kidole, ashike chupa juu ya jicho, abonye taratibu. Tone la kwanza likaanguka shavuni. La pili likaanguka kwenye kola. Akasonya. Mikono yangu ilikuwa inataka kwenda, nikaifunga nyuma ya mgongo nikaibana.

"Tena, baba," nikasema.

La tatu liliingia.